Nuru Iliyopotea Njia ya Kurudi

Fedheha iliyonipata Ijumaa usiku bado inaniwasha, wala sidhani kwamba itapoa upesi, kwa kuwa ilinipata mbele ya kadamnasi, nami nimevaa kanzu ya darizi na kofia mpya, nimempakia bibi harusi, ambaye ni mpwa wangu, pamoja na somo yake, tukitoka Ngamiani kwenda Raskazone. Taa za gari zilikuwa hafifu tangu tulipoondoka mlangoni. Kila nilipopiga honi, kama ilivyo ada ya msafara wa harusi, zilizidi kufifia, na kila nilipowasha indiketa, taa zote, kubwa kwa ndogo, hata zile za dashibodi, zilipepesa kwa pamoja, mpaka somo akauliza kwa upole kama gari limeingiwa na mchanga machoni.

Ndipo akatokea kijana mmoja juu ya baiskeli, maana Tanga ni mji wa baiskeli, yenye taa inayopata nguvu zake kwa dainamo ndogo iliyoegemezwa gurudumuni, akatupita, akageuza shingo, na kwa adabu isiyo na kasoro akasema, "Shikamoo, mzee. Washa taa."

"Marahaba," nikamjibu. "Nimeziwasha."

Akazitazama taa zangu, akaitazama ya kwake, kisha, bila ya kuombwa, akatangulia mbele yetu na kutumulikia njia hadi nyumbani kwa bwana harusi, ambako wanawake waliokuwa wamejiweka tayari kwa vigelegele waliviahirisha ili wacheke kwanza.

Na gari lile lilikuwa limekwisha kutibiwa! Fundi umeme niliyemwendea kabla ya harusi aliniuzia betri mpya, nayo isipofaa kitu akaniuzia altaneta, na hukumu zote mbili alizitoa kwa kutega sikio na kugonga boneti kwa ukucha, bila ya kupima chochote. Aliyepima, baada ya harusi, ni jirani yangu, mstaafu wa karakana, mwenye mita kuukuu aliyoifunga katika kitambaa. Betri iliyoshiba, alinieleza, husoma takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiunguruma na altaneta ikiwa nzima, husoma baina ya 13.8 na 14.4. Yangu ilisoma 14.2. Kisha akaipima taa yenyewe kwenye soketi yake: volti 11.2. Tatu nzima zilikuwa zimetoweka njiani, na nuru ya balbu ya waya haipungui kwa kiasi kilekile cha umeme uliopungua, bali hupungua kwa ghadhabu, hata ukiipunguzia volti sehemu moja ya kumi huipoteza takriban sehemu tatu za kumi za mwanga. Kwa hiyo mimi nilikuwa nikiendesha kwa chini ya nusu ya nuru niliyostahili.

Ajabu ni kwamba waya wa kwenda haukuwa na ila. Umeme wa gari huenda kwenye taa kwa waya, lakini kurudi hurudi kwa bati la bodi lenyewe. Na kwa kuwa injini imekalishwa juu ya raba, ambazo hazipitishi umeme, lazima pawe na waya wa ethi unaoiunganisha injini na bodi, ili umeme upitie injini na kufika kwenye ncha hasi ya betri. Wangu, kwa chumvi ya upepo wa bahari, ulikuwa umegeuka kijani na kubakia nyuzi chache, na umeme, mithili ya wageni waliokuta mlango wa mbele umefungwa, ulikuwa ukitokea jikoni, yaani kwa kebo ya klachi, ambayo niliigusa nikaikuta ina moto. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini indiketa ilipepesa kila kitu: taa zote ziligombea kichochoro kimoja cha kurudia. Tulisugua kwa msasa, tukafunga waya mpya, tukapaka grisi, na kazi ikaisha kabla ya adhana ya alasiri.

Ninalolalamikia si ujinga, maana kila mtu ana wake, bali ni biashara hii ya kubahatisha ambayo hasara yake humwangukia mwenye gari peke yake: fundi akipatia hulipwa, asipopatia hulipwa tena, ilhali mita ya kumwondolea shaka ni rahisi kuliko betri moja. Nilipomrudishia altaneta alinionyesha ubao ukutani: vifaa vya umeme havirudishwi.



Ama altaneta yangu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, nami nilimwachia kama chuma chakavu, leo asubuhi nimeiona kwenye rafu ya dukani mwake, imesuguliwa, inang'aa, na imebandikwa bei.