Niko Kazini, Msinitume

Kazi ya laptopu ndani ya simba yako, ile nyumba ya kijana bomani, hapa Awendo haina shahidi. Mwendesha boda huonekana stejini, mkata miwa huonekana shambani. Mimi huonekana saa tano asubuhi nikienda chooni na macho mekundu, basi kijiji kimeshakata kauli: huyu kijana alisoma hadi chuo kikuu, sasa kulala ndiyo kazi.

Ndiyo maana natumwa. Mahindi yapelekwe kusagwa, mimi. Ng'ombe kakata kamba, mimi. "Kwa vile uko tu, nyathina," mama huniita dirishani, "hebu njoo nishikie kuku achanjwe." Huku masikioni nina Mmarekani anayesoma bajeti.

Maana kazi yenyewe ni hiyo, kuandika sauti za mikutano ya watu. California ikigonga saa tatu asubuhi, kwetu ni saa moja jioni au saa mbili, kutegemea wamezichezea vipi saa zao msimu huo. Sheria ni kwamba wakicheka, niandike "kicheko" ndani ya mabano. Usiku kucha ni kicheko, kicheko, kicheko cha wengi, na mwenyewe sijacheka tangu Jumapili.

Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Boma letu lina watu zaidi ya hao. Nadhani nimewabebea wote. Na msiniambie niende matangani nichangamke. Nilienda. Mzee mmoja akaniuliza siku hizi nafanya nini, nikamweleza taratibu, akanisikiliza hadi mwisho, akaninunulia soda kwa huruma.

Serikali ilipoanzisha Ajira Digital mwaka 2016 tuliambiwa kazi ziko mtandaoni. Sawa, ziko. Lakini mtu wa kumsengenya bosi naye yuko wapi? Bosi mwenyewe hata sura yake siijui.

Mwezi jana tuliofahamiana kwenye kazi hizi tukapatana tuonane Homa Bay, hotelini kando ya ziwa. Nikabanwa kwenye matatu hadi Rongo, nikabanwa kwenye nyingine kupitia Rodi Kopany. Nafika, kila mtu kafungua laptopu! Eti waifai ya pale ina nguvu. Kimya kama chumba cha mtihani.

Kilichotuokoa ni ngege wa kukaanga. Ngege haliwi kwa uma, na mkono wenye mafuta haugusi kibodi. Mmoja akamtaja mteja anayekimbia na malipo, wa pili akadakia, na kabla mifupa haijasafishwa tulikuwa tumewateta mabosi wa mabara matatu. Ugali uliongezwa mara mbili.

Tumeahidiana kurudi. Shida, anayefanyia London ana nafasi usiku, mimi mchana, na yule wa Australia hulala wakati sisi sote tuko macho. Mwenzetu mmoja ametuma jedwali kila mtu ajaze saa zake. Sijalijaza. Kujaza majedwali ni kazi, na hiyo hailipwi.