Hewa ya Bure

Jumamosi pikapu yangu ilizimika kwenye taa za Magomeni ikiongoza msafara wa harusi, wapiga matarumbeta wamesimama nyuma, bibi harusi, mtoto wa dada yangu, yuko gari linalofuata. Matarumbeta hayakunyamaza. Yanyamaze kwa nini? Yamelipwa kwa saa. Taa ya kijani ikawaka, ikazima, nyekundu ikarudi, na sisi tupo palepale, burudani inaendelea.

Kabla ya kuzima ilitetemeka weee, mpaka yule wa ngoma kubwa akawa anajishikilia kwenye kebini kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine. Basi la mwendokasi likapita, abiria wa upande wetu wote simu juu. Mama mmoja akashuka kwenye bajaji yake akaanza kukata mauno, akidhani tumesimama makusudi kuwafurahisha wananchi. Trafiki akaja na filimbi na, loo, filimbi ile ikaingia kwenye mdundo sawasawa.

"Mzee, zima!"

"Afande, imeshazima."

"Hao!" Akanyoosha kidole nyuma.

"Hao hawana swichi, afande."

Bibi harusi akateremsha kioo. "Mjomba, jua linazama, picha za ufukweni je?" Shemeji yangu hakuteremsha kioo. Alinitazama tu kupitia kioo hicho hicho.

Sasa, pikapu hii kwenye mwendo haina neno. Ikanyagie mafuta uone. Ugonjwa wake uko kwenye sailensa: ikisimama kwenye foleni inaanza kumisi, mshale unashuka, dashibodi inagonga meno, inakufa. Ila ukiipeleka gereji, inanguruma kama paka aliyeshiba. Fundi anafungua boneti, anainamisha sikio, anasema, "Mbona iko poa, mzee?" Halafu anakuuzia plagi.

Lakini hebu tuiangalie hii injini, kwa sababu ina mambo. Injini ya petroli ya kabureta ikiwa kwenye sailensa, kile kisahani cha kabureta kimefungwa karibu chote. Pistoni zinashuka zikivuta hewa ambayo kisahani hakitaki kuzipa, kwa hiyo ndani ya manifoldi kunabaki utupu mkali, na mafuta yananyonywa kupitia kitundu kidogo kilichowekwa kwa kazi hiyo tu. Kilo moja ya petroli inataka hewa kilo 14.7 hivi ndipo iungue sawasawa, na kabureta inajitahidi kupima. Hewa ikipenya pengine, kabureta haina habari nayo. Mchanganyiko unapungua mafuta, silinda moja inakosa kuwaka, nyingine inafuata, gari zima linaingia baridi. Ukikanyaga mafuta, kisahani kinafunguka, hewa halali inaingia kwa wingi, na ile ya wizi haionekani tena.

Utupu huohuo wa manifoldi ndio unaokusaidia kusimama. Mbelgiji mmoja, Albert Dewandre, aliukamata miaka ya 1920 akaufanyisha kazi ya breki. Lile pipa jeusi la duara nyuma ya masta silinda ndilo busta: ndani yake mna diaframu ya mpira, na mguu ukiwa juu, pande zake zote mbili zina utupu. Ukikanyaga, upande mmoja unafunguliwa kwa hewa ya nje. Na hewa ya nje si ya kudharau. Hapa Dar, usawa wa bahari, inasukuma kila sentimita ya mraba kwa nguvu ya kilo moja hivi. Diaframu ya upana wa sentimita 20 ina sentimita za mraba zaidi ya 300. Piga hesabu mwenyewe ni kiasi gani cha mbingu kinakusaidia kukanyaga breki kila unapokaribia taa.

Basi kumbe diaframu yangu imechanika.

Aliyegundua ni mpuliza tarumbeta. Tulipoisukuma ikawaka, akaja dirishani kudai maji ya kunywa, akatega sikio. "Mzee, hapo miguuni kuna pumzi inavuja." Nikainua mguu kwenye breki, pumzi ikakata, injini ikatulia. Nikakanyaga: *ssss*, ikaanza kutetemeka. Mtu anayeishi kwa kupuliza hewa kwenye bomba hahitaji kompyuta.

Na ndiyo sababu gerejini ilikuwa nzima. Fundi anavuta hendibreki, anashuka, anainama kwenye boneti. Kwenye pedali hakuna mguu wa mtu.

Barabarani, mguu ukiwa kwenye breki, Magomeni haikuwa mara ya kwanza: langoni mwa makaburi ya Kinondoni nako iliwahi kuzima. Waombolezaji walisukuma vizuri. Bandarini ilizima nikiwa na samaki.

Lakini hapa ucheshi unaniishia. Pedali ilikuwa nzito muda wote huo na nilisema, "Fundi, breki nazo zimekuwa ngumu." Akajibu nibadilishe viatu. Nikauziwa plagi, nikauziwa waya za plagi, nikauziwa kabureta "mpya" ambayo rangi yake ilinibaki vidoleni, na ile ya zamani ikabaki kwake, bila shaka naye aliipaka rangi. Nyuma nilikuwa nabeba watu. Mabomba ya maji, vitanda, watoto wa madrasa, watu. Kukanyaga pedali mara moja injini ikiwa inawaka hakuhitaji hata spana, lakini hakuna anayelipwa kwa kukanyaga pedali. Analipwa kwa kifaa.

Busta nililipata Shaurimoyo, la mtumba, nikalifunga kwa fundi mwingine, na sailensa sasa imekaa. Nikarudi kwa yule wa kwanza kudai hela yangu ya kabureta. Alinisikiliza kwa heshima zote, akajifuta grisi, akasema, "Mzee wangu, kabureta ile ilikuwa inasubiri busta."