Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Gavana wa Missouri

Ofisi ya Gavana,
Jimbo la Missouri,
Jefferson City, Marekani.

YAH: MAOMBI YA ORODHA YA VITUFE AMBAVYO RAIA ANARUHUSIWA KUBONYEZA

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii inaletwa kwa unyenyekevu na watumiaji wa kompyuta, watu ambao tangu Oktoba 14, 2021 hawajui vizuri mipaka yao. Siku hiyo aliyekuwa gavana, Mike Parson, aliita waandishi wa habari na kutangaza kuwa mdukuzi ameingilia taarifa za walimu wa jimbo. Alisema suala limefikishwa kwa mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Cole, polisi wa jimbo wanachunguza, na mkasa wote huenda ukawagharimu walipa kodi hadi dola milioni 50. Wasikilizaji walijiandaa kusikia habari za majasusi wa nchi ya mbali. Mdukuzi akawa Josh Renaud, mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch. Silaha yake ilikuwa kivinjari cha intaneti.

Kwa faida ya wasiokuwepo, Idara ya Elimu ya Msingi na Sekondari ya Missouri ilikuwa na tovuti ambako mtu yeyote aliweza kutafuta sifa za mwalimu yeyote. Ukurasa ulipofunguliwa, seva ya serikali ilimtumia msomaji zaidi ya alichoomba: ndani ya msimbo wa ukurasa zilikuwemo namba za hifadhi ya jamii za walimu, zile ambazo Mmarekani huombwa anapofungua akaunti ya benki au kuchukua mkopo. Zilikuwa zimeandikwa kwa mtindo wa Base64, ambao hauna nywila wala siri yoyote. Ni namna tu ya kupanga data ili isafiri bila kuharibika, na programu za bure huirudisha katika hali ya kusomeka mara moja. Msimbo wenyewe huonekana kwa kubonyeza F12.

Mhalifu huyu alikuwa na tabia za kushangaza. Hakuuza namba hata moja. Aliwauliza walimu watatu kama namba alizoziona ni zao, akamwomba mhadhiri wa usalama wa mitandao wa Chuo Kikuu cha Missouri–St. Louis athibitishe kasoro hiyo, kisha akaiarifu idara. Gazeti nalo lilisubiri hadi ukurasa ulipoondolewa ndipo likachapisha habari.

Ofisi inastahili pongezi kwa wepesi wake wa kubadili mawazo. Nyaraka zilizotolewa baadaye zilionyesha kuwa idara ya elimu ilikuwa imeandaa rasimu ya tamko la kumshukuru mwandishi huyo. Zilionyesha pia kuwa kabla ya mkutano ule na waandishi, ofisa wa FBI aliyepelekewa barua pepe za idara alisema hapakuwa na uvamizi wa mtandao. Shukrani zikabaki kwenye rasimu, na aliyepaswa kushukuriwa akaamka siku iliyofuata akiwa mdukuzi.

Baadaye Gavana Parson alifafanua msimamo wake kwa mfano wa nyumba: hata kama kufuli ni bovu, hakuna mwenye haki ya kulichokonoa akaingia. Mfano ni mzuri, isipokuwa katika nyumba hii mwenyeji mwenyewe ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni na kumkabidhi kila mpita njia hati za familia. Uchunguzi wa polisi, uliojaza kurasa 158, ulionyesha kuwa taarifa hizo zilikuwa wazi tangu 2011. Zile dola milioni 50 nazo zilipungua kwa kasi ya kupendeza: idara iliwaomba radhi walimu na kuwalipia huduma ya kufuatilia taarifa zao za mikopo watu wapatao 620,000, kwa takribani dola 800,000.

Waombaji wanakiri kuwa Gavana hakubuni kosa hilo kichwani. Kifungu cha 569.095 cha sheria za Missouri kinamtia hatiani anayeingia katika kompyuta au mtandao bila idhini na kuchunguza kwa makusudi taarifa za mtu mwingine. Hakisemi lolote kuhusu mtu ambaye taarifa hizo ameletewa na serikali yenyewe. Ndiyo maana Februari 2022, mwendesha mashtaka Locke Thompson alipoamua kutofungua kesi, aliongeza kuwa hoja ya kuvunjwa kwa sheria ingeweza kujengwa. Renaud alisalimika kwa busara ya ofisa mmoja, na anayefuata huenda akakutana na ofisa wa aina nyingine.

Missouri isijione mpweke. Mwaka 2018 Bunge la Georgia lilipitisha muswada wa kuharamisha kuingia kwenye kompyuta bila idhini hata pasipo madhara. Hii ni baada ya mtafiti mmoja kugundua kuwa seva ya uchaguzi iliyotunzwa na chuo kikuu cha jimbo hilo ilikuwa wazi kwa umma. Gavana Nathan Deal aliukataa muswada huo. Huko Iowa, Septemba 2019, mahakama za jimbo ziliajiri kampuni ya Coalfire kupima usalama wake. Wapimaji wawili wakakamatwa ndani ya jengo la mahakama la Kaunti ya Dallas wakiwa na barua ya kazi mkononi. Mashtaka yalifutwa Januari 2020.

Washington walau imesogea. Juni 2021, katika kesi ya Van Buren, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibana tafsiri ya sheria ya shirikisho ya makosa ya kompyuta, na Mei 2022 Wizara ya Sheria iliwaelekeza mawakili wake wasiwashtaki watafiti wa usalama wenye nia njema. Lakini maelekezo hayo hayamfungi mwendesha mashtaka wa jimbo, na kila jimbo kati ya yote 50 lina sheria yake ya makosa ya kompyuta.

Kwa hiyo waombaji wanaomba yafuatayo:

1. Orodha rasmi ya vitufe halali. Ikiwa F12 ni haramu, watengenezaji wa kibodi waarifiwe mapema.

2. Mwongozo wa namna raia anavyopaswa kufumba macho pale seva ya serikali inapomtumia asichoomba.

3. Ikiwa hayo mawili ni mzigo, basi kifungu cha 569.095 kirekebishwe. Kidai ushahidi wa nia ya kudhuru, kimwondoe hatiani anayesoma kile ambacho serikali yenyewe imemtumia kwa hiari, na kimkinge anayeripoti kasoro kwa mhusika kabla ya kuitangaza.

Wenu katika ujenzi wa jimbo,

Watumiaji wa Kompyuta

Nakala: Bunge la Jimbo la Missouri – kwa utekelezaji.
Idara ya Elimu ya Msingi na Sekondari – ile rasimu ya shukrani bado inaweza kutumwa.