Utingo wa Kioo

Leicester, Uingereza

Mjomba,

Kabla hujaenda mbali na barua hii, naomba umtulize Mama Mdogo. Ile picha niliyotuma kwenye kundi la ukoo, watoto wamekaa kitandani ndani ya gari, haina maana kwamba tumefukuzwa nyumba. Nasikia ameshaanza kuchangisha kodi yetu. Arudishe pesa za watu. Au azitume, lakini zisiitwe za kodi.

Gari lile huku wanaliita motahomu. Ni nyumba iliyopandishwa juu ya gari: jiko la gesi, friji, choo, vitanda vinne. Wazungu wana nyumba zao za matofali, zina joto, zina kila kitu. Ijumaa jioni wanazifunga, wanakwenda kulala garini katikati ya uwanja wenye matope, na wanalipia. Nimekaa nao miaka kumi na miwili, ugonjwa umenipata.

Letu ni la mwaka 2006, limejengwa juu ya Fiat Ducato, mjukuu wa yale malori ya Fiat uliyokuwa ukipandisha nayo mlima Kitonga, wewe utingo, kabari mkononi. Urefu mita saba, kimo karibu mita tatu. Nililipata kwa bei ya kutupa, na sababu ya kutupwa niliijua baadaye. Limetoka Ujerumani, usukani uko kushoto, na Waingereza wanapita kushoto kama sisi. Unayakumbuka malori ya Kongo na Burundi yakienda bandarini, nyuma yamechorwa onyo kwamba usukani uko kushoto? Ulikuwa ukisema dereva wa lori lile akitaka kuovateki husali kwanza. Mjomba, sasa ninayesali ni mimi.

Mtihani mkubwa ni kuingia barabara kuu. Unaingilia kushoto, na kulia kwako magari yanakuja maili 70 kwa saa, karibu kilomita 113. Nageuza shingo nitazame, namwona mama watoto. Nyuma ya mama watoto naona friji.

"Kuna gari?"

"Lipi?"

"Lolote!"

"Kuna jekundu. Zuri kweli."

Kurudi nyuma ndiyo balaa zaidi. Nyuma hakuna dirisha, kuna ukuta wa chumba cha kulala. Kioo cha katikati hunionyesha shati langu lililotundikwa. Mwanzoni nilimshusha mama watoto anielekeze. Alikuwa akisimama pale pale ambapo saiti mira haimfikii, anapunga mkono kimya kimya, maana anaona haya kupiga kelele mbele ya majirani. Utingo mwenye haya ni hasara kubwa kuliko kukosa utingo.

Jirani yangu, mzee mstaafu, akajitolea kusaidia. Tatizo lake yeye ni kiganja. Sisi tunamwita mtu kiganja kikitazama chini; wao kinatazama juu. Siku nilipomwelekeza yeye na gari lake, nikampungia kwetu-kwetu, "njoo, njoo." Yeye akaelewa "ondoka," akaondoka. Alikwenda kuegesha mtaa wa pili.

Ndipo nikaamua kufunga kamera mbili, moja ya nyuma, moja ya ubavu wa kulia. Fundi alitaka pauni 400. Nikafanya kosa wanalolifanya wote wa ughaibuni: nikazigeuza kuwa shilingi. Milioni na ushee, kwa ajili ya kutazama nyuma! Nikaagiza seti ya pauni 130, nikaazima drili.

Kitu chenyewe si kigeni. Mwaka 1956 Wamarekani walionyesha gari la maonyesho, Buick Centurion, halina kioo cha nyuma, lina kamera ya televisheni. Na Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, unataka kila gari jipya linalouzwa liwe na kifaa cha kutambua kilichoko nyuma wakati wa rivasi. Letu sheria haikulikuta, basi nikawa sheria mimi mwenyewe.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kutoboa. Ukuta wa gari hili ni ngozi nyembamba ya alumini, kisha povu gumu na fremu ya mbao, kisha ubao wa ndani. Adui yake ni maji. Tone likipita kwenye tundu, mbao inaoza ndani kwa ndani, unagundua siku ukuta unapobonyea kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Nilishika drili mkono ukitetemeka kama ngariba wa siku ya kwanza. Nikatoboa kwa kuinamisha, upande wa nje uwe chini ili maji yasipate njia ya kupanda. Nikapachika mpira wa tundu, nikazungushia gundi ya kuzuia maji, nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka mama watoto akauliza kama naoka keki.

Siku ya pili ilikuwa ya waya. Gari mita saba, waya mita kumi. Hesabu ya darasa la tatu inasema utabaki. Lakini waya haupiti njia ya mkato. Unapanda darini, unazunguka kabati, unashuka nyuma ya choo, unaukwepa mtungi wa gesi. Ukaishia jikoni. Kwa siku mbili skrini ilikaa juu ya jiko. Ningeweza kurudi nyuma huku nakaanga chapati, ila usukani ulikuwa mbali. Nikaagiza waya wa kuungia.

Umeme wa kamera ya nyuma niliuchukua kwenye waya wa taa ya rivasi. Ukiingiza gia ya nyuma, taa inawaka, na zile volti 12 zinaiamsha kamera. Ya ubavuni niliipa waya unaopata umeme ukiwasha gari, na fyuzi yake, ikae macho safari nzima. Hapo nilijiona fundi kamili, na hapo ndipo nilipoharibu.

Kwenye mkia wa kamera ya nyuma palikuwa na kipande cha waya wa kijani kimejikunja kitanzi, hakiendi popote. Nikadhani ni mabaki ya kiwandani. Nikakikata, nikaona kazi imekuwa safi. Kumbe kitanzi kile ndicho kinachoigeuza picha iwe kama ya kioo, kulia kukae kulia. Ukikikata, kamera inakuwa kama mtu anayekutazama usoni: kulia kwako ni kushoto kwake. Asubuhi nikawasha, nikaona pipa la taka la jirani liko kushoto. Nikapeleka mkia wa gari kulia ili kulikwepa, nikalifuata huko huko lilikokuwa.

Mzee akatoka na kikombe chake cha chai. Akalitazama pipa, akaitazama skrini, akasema angalau tumehakikisha kwamba kamera inafanya kazi. Nikamnunulia pipa jipya, nikakisokota kitanzi upya.

Pasaka tukaenda Wales, kwenye milima ya Eryri. Ukifika kambini jioni, wastaafu wote hugeuza viti, chai mkononi, wakutazame ukirudi nyuma. Ndiyo sinema yao. Nikaingia kifua mbele. Skrini inameta, mistari yake ya kijani, njano na nyekundu imetulia, nahesabu nyasi moja moja. Bado niko kwenye kijani, nikasikia *pa! pa!* kiganja kwenye bodi, na sauti ya mama watoto, ile ya Korogwe, ikapiga mlima wa Wales ikarudi:

"SIMAMAAA!"

Nikakanyaga breki, sufuria zote zikashuka kabatini. Nami nikashuka. Tawi nene kama paja lilikuwa shubiri moja kutoka kwenye ukuta, juu kabisa. Kamera nimeifunga juu, inatazama chini. Kilicho juu yake hakiihusu.

Wastaafu walipiga makofi. Mmoja akaja kuuliza neno lile ni la lugha gani, na mpaka Jumatatu kambi nzima ilikuwa inaegesha kwa Kiswahili. Mama watoto haya zimemwisha. Sasa anadai posho ya utingo, na amesema ya nyuma haisamehewi.

Kwa hiyo, Mjomba, nina ombi. Kamera ninayo, lakini ni bubu. Nirekodie kwa WhatsApp ile "njoo njoo njoo" yako ya barabara ya Zambia, niiunge kwenye waya wa taa ya rivasi; waya wenyewe sasa naujua. Na "simama" uianze mapema. Lenzi hizi ni pana, kilicho karibu zinakionyesha kipo mbali, na mapipa huku ni ghali.

Wasalimie wote. Mama Mdogo mwambie tuna paa. Tuna mawili.

Mpwa wako.