Katika Kuisifu Hesabu ya Jana

Miongoni mwa kazi zinazodharauliwa na waandishi wa programu, hakuna inayostahili sifa kama ile ya kuitafuta tarehe ya jana ndani ya skripti ya sheli, yaani faili la maandishi lenye amri ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine bila kusimamiwa. Skripti inayoamshwa saa sita na dakika tano usiku ili kuhifadhi kumbukumbu za siku iliyokwisha haina haja nyingine ila kujua siku hiyo ilikuwa tarehe ngapi, na haja hiyo ndogo imetosha kumfikisha mtaalamu mwenye shahada mahali ambapo mtoto wa shule ya msingi humshinda.

Fadhila yake ya kwanza ni upole wa mwanzo. Anayetoa moja kutoka tarehe 20 hupata 19, naye huridhika. Ila ifikapo tarehe mosi hesabu ileile humletea sifuri, siku isiyokuwamo katika kalenda ya taifa lolote, na hapo hulazimika kukumbuka kwamba miezi haina urefu mmoja, na kwamba jana ya Machi mosi haijulikani mpaka ijulikane kama mwaka ni mrefu, yaani wenye siku 366: mwaka 2000 ulikuwa mrefu kwa sababu hugawanyika kwa 400, ilhali 1900 haukuwa. Anayedhani amehitimu hungojewa na tarehe 8. Sheli ya Bash huichukua namba inayotanguliwa na sifuri kuwa ya msingi wa nane, ambamo tarakimu huishia 7. Kwa hiyo 01 hadi 07 hupita salama, 08 na 09 hukataliwa kwa ujumbe wa kosa, na tarehe 10 mambo hutengemaa. Ni ugonjwa gani mwingine wenye adabu ya kuja siku mbili kila mwezi na kuondoka wenyewe kabla mganga hajafika?

Wajanja huikwepa kalenda na kukimbilia sekunde, kwa kuwa mifumo ya Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, na siku ya kawaida ina sekunde 86,400. Hata huko hesabu ya jana haiwatupi mkono. Katika nchi nyingi zinazosogeza saa mbele kila mwaka, Jumapili ya mabadiliko huwa na saa 23 tu. Skripti inayotoa sekunde hizo saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu huangukia Jumamosi, na Jumapili nzima hupotea. Ni kweli kwamba amri ya date katika toleo la GNU, linalotumika sana katika Linux, hukubali kuulizwa jana kwa jina lake na hujibu papo hapo; ukarimu huo ungeiua fani nzima, lau date ya macOS isingedai maneno yake yenyewe, -v-1d, na lau POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya jamii ya Unix, kisingeinyamazia haja hiyo kabisa.

Ukimya huo umezaa hila bora kuliko zote, ambayo huiacha tarehe ilipo na kuihamisha kompyuta. Kigezo cha TZ, kinachotaja ukanda wa saa, huandikwa EAT-3 kwa Afrika Mashariki, kwa kuwa POSIX huzihesabu saa za mashariki ya Greenwich kuwa hasi. Kikiandikwa EAT+21, kompyuta iliyoko Mombasa huamini kwamba imebaki nyuma kwa saa 24 kamili, na huitaja jana kwa moyo mkunjufu. Mkazi wa New York, anayeanzia 5, angehitaji 29, nacho kiwango hakiruhusu kuzidi 24. Tena Kenya, Tanzania na Uganda hazisogezi saa katika majira yoyote, hivyo huko hila hii husema kweli mwaka mzima.

Anayeshikilia bado kwamba jana ni suala la kutoa tu, na aitishe Septemba 1752 kwa amri ya cal, inayochora kalenda: katika mifumo mingi ataona tarehe 2 ikifuatwa na 14, kwa sababu Bunge la Uingereza liliamua kufuata, kwa kuchelewa, marekebisho ya Papa Gregori XIII ya mwaka 1582. Hesabu ya jana basi inastahili heshima kuliko hesabu nyingi zilizo ngumu zaidi, maana humkumbusha fundi kwamba tarehe ni mapatano ya watu, na kwamba hana budi kuyasoma mapatano hayo yote kabla ya kuthubutu kutoa moja.