Sifa za Jungu la Mfalme Sulemani

Mnazi umekwisha kusifiwa na washairi wa mwambao, tangu mizizi hata makuti, na jahazi kadhalika, na uzuri wa wanawake, na ushujaa wa waliokufa, vyote vimepata haki yao. Lakini filamu mbaya, ambayo humkalisha mtu kitako na kumrudisha kwake maskini kuliko alivyokwenda, haijapata bado mtu wa kuitetea, na dhuluma hii haifai kuachwa iendelee. Kwa hiyo, kwa taadhima yote inayostahili, naazimia kuisifu filamu iitwayo King Solomon's Mines, ile ya mwaka 1985. Si ile ya 1937 aliyoimba ndani yake Paul Robeson, wala ile ya 1950 iliyotunukiwa Oscar kwa upigaji wake wa picha, maana hizo zina wema wa kutosha kujitetea zenyewe.

Nalikuwa kijana nilipoitazama mara ya kwanza katika ukumbi wa video, nami nilikwenda kwa tamaa kubwa, kwa sababu nalikwisha kukisoma kitabu, yaani Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambacho Frederick Johnson alikifasiri kwa Kiswahili mwaka 1929. Nilitoka na hamaki, na hamaki hiyo, kinyume cha ada ya hamaki, haikupoa kwa miaka bali ilikomaa. Basi televisheni ilipoirudisha filamu hiyo alasiri ya Idi, wakati jamaa wameshiba na hawana nguvu za kukimbia, niliitazama tena mwanzo hata mwisho, na fadhila zake zikanidhihirikia.

Ni fupi, haitimizi saa mbili. Muziki wake, kazi ya Jerry Goldsmith, ni wa ushujaa mtupu, hata mwenye kufumba macho hudhani iko filamu nyingine, nzuri, inayooneshwa chumba cha pili. Inafundisha unyenyekevu, kwani mwongozaji wake, J. Lee Thompson, ndiye aliyeongoza The Guns of Navarone, akateremka kutoka huko hadi hapa. Na wenye mali, Menahem Golan na binamu yake Yoram Globus wa kampuni ya Cannon, walikuwa na yakini kubwa hata wakapiga filamu mbili kwa safari moja huko Zimbabwe, hii na ya kuifuatia, kabla mtazamaji hata mmoja hajaulizwa kama aitaka ya kwanza. Yakini kama hiyo si kila muumini anayo.

Lakini hizo ni fadhila za pembezoni. Fahari ya filamu hii ni jungu.

Allan Quatermain, ambaye ni Richard Chamberlain, na bibi aitwaye Jesse, ambaye ni Sharon Stone kabla dunia haijamjua, huangukia mikononi mwa wanakijiji walao watu, nao hutiwa pamoja ndani ya jungu, wazima, na nguo zao, wakizungukwa na mboga. Asiyetafakari ataona hapo dharau. Mimi, baada ya kutafakari, naona ustaarabu. Jungu hilo huwameza watu wazima wawili wakabaki na nafasi ya kugombana, na linapobingirika mlimani halipasuki; basi si la udongo, na kwa kuwa si la udongo, lazima kijiji hicho kina machimbo, na tanuri, na mafundi wa kufua ambao mfano wao haujaonekana Birmingham. Mafiga yake yaliletwa na nani, na kwa mchango gani, na mtunza fedha alikuwa nani? Kuni zake ni za msitu mzima, na msitu haukatwi bila ya kikao. Na mboga zile hazikuokotwa njiani; zimelimwa, zimepaliliwa, zimevunwa kwa msimu. Sisi huku pwani, tunaojigamba kwa ustaarabu wa karne nyingi, mtu akioza binti huenda kukodi sufuria za pilau, akaweka amana, akazirudisha zimebonyea, akagombana na mwenyewe mpaka mjukuu wa kwanza azaliwe; ilhali wale, waliodhaniwa washenzi, wanamiliki jungu la umma lisilodaiwa na mtu.

Niliyekuwa naye alasiri ile ni shangazi yangu, mpishi wa shughuli, ambaye amelisha arusi nyingi kuliko nilizoalikwa. Aliitazama sehemu hiyo kwa makini ya fundi. Akauliza vitunguu vimekaangwa saa ngapi. Akauliza mbona nyama haikukatwa. Mwisho akasema, "Mwanangu, hao hawapikwi, wanaogeshwa," akaondoka kwenda kuswali.

Wahenga wametuambia kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Hili nimelikwangua ujanani na nimelikwangua uzeeni, na ukoko sikuupata. Na hapa naomba radhi, maana taadhima inanishinda. Rider Haggard, aliyekitunga kitabu cha Mashimo, hakuwa rafiki yetu. Alikuwa mtumishi wa dola ya Kiingereza, alikuwako Pretoria mwaka 1877 bendera yake ilipotwekwa, na kitabu chake alikiandika kwa kushindana na nduguye kama aweza kutunga kisa cha kukaribia Treasure Island. Hata hivyo mtu huyo, mwaka 1885, alimtia katika hadithi yake Umbopa, mtumishi wa safari, ambaye hudhihirika kuwa ndiye Ignosi, mfalme wa haki. Akampa vita vya kukitwaa kiti chake kutoka kwa Twala, mdogo wa baba yake. Na mwisho akamwachia awaambie rafiki zake weupe kwamba wengine wasije, na kwamba wachuuzi wa bunduki na ulevi wataikuta njia imefungwa. Hayo yalisomwa kwa Kiswahili chini ya bendera ile ile ya Kiingereza. Ikapita miaka mia kamili, wakaja watu wa filamu katika nchi iliyokuwa huru kwa miaka mitano, wakamchukua Ken Gampu, mwigizaji aliyeweza kubeba taji lolote, wakamfanya mcheshi wa msafara, na ufalme wake wakampa mwishoni kwa haraka. Njia haikufungwa. Badala yake tuliletewa jungu!

Wala siwalaumu sana Golan na Globus, kwani mfanyabiashara huuza kinunuliwacho. Tunao watu hapa kwetu, wenye ofisi na mihuri, waliowekwa mahsusi watulindie staha. Nao siku ile ya Idi walikuwa macho. Nililiona hilo kwa yakini, kwa maana bwana na bibi walipokaribiana nyuso picha iliruka ghafula, wakaonekana wamesimama mbalimbali kama majirani wanaodaiana. Mkono ulipita hapo. Mkono huo huo uliipitia sehemu ya walaji watu, dakika kwa dakika, ukaona haina neno, nao watoto wetu, waliovaa kanzu mpya, wakaicheka wakipiga makofi.

Niliandika barua. Jibu lilifika baada ya muda, lina muhuri, limeanza kwa "Ndugu" na limejaa adabu, likinifahamisha kwamba filamu ilikaguliwa kikamilifu kwa mujibu wa maadili yetu ya Kiafrika, kwamba sehemu isiyofaa iliondolewa, na kwamba ile ya pili yake imo mezani, inakaguliwa.