Mkombozi Katoka Kambi ya Pili

Mpenzi wa Linux hajifichi: salamu haijajibiwa, keshakwambia Windows inavuja kama pakacha. Tarehe 19 Julai 2024 ilikuwa sikukuu yake. Sasisho bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta, CrowdStrike, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, abiria wakalala kwenye viwanja vya ndege, naye akacheka mpaka jino la mwisho.

Alikwishasahau Machi ya mwaka huohuo.

Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejitolea zaidi ya miaka miwili kusaidia xz, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux, hadi akakabidhiwa funguo. Ndipo akapachika mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, akiuficha ndani ya mafaili ya majaribio. Msimbo ulikuwa wazi kwa dunia nzima; dunia nzima ilikuwa na shughuli nyingine.

Aliyeufichua ni Andres Freund, baada ya kuona SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, inachelewa kama nusu sekunde. Mwajiri wake? Microsoft, ambayo mkuu wake wa wakati huo, Steve Ballmer, aliiita Linux saratani mwaka 2001.

Freund alimiminiwa shukrani. Za mwajiri wake bado zinakaguliwa, mstari kwa mstari.